Ramani haina baraza

Pumwani, Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ramani ya nyumba uliyonitumia kwenye simu nimeiona, na mdogo wako amenikuzia nikatazama chumba kimoja kimoja. Nzuri, mashallah. Kiwanja cha Langoni, kwetu Lamu, ni chako sasa, nami sina neno juu ya bloku wala mabati. Lakini nimeitafuta baraza, pale pa kukaa mbele ya nyumba, sikuiona. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Wageni wa Lamu hupelekwa Mkomani kuona nyumba za mawe, na tangu UNESCO iuweke mji wetu katika urithi wa dunia mwaka 2001 utadhani sote tulilelewa humo. Shangazi yangu ndiye aliyeolewa Mkomani. Kwake vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, maana upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari. Chooni mlikuwa na birika la maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Nilivipenda mno visamaki vile.

Kwetu kulikuwa udongo na makuti. Nilikuwa na miaka saba hivi babu yako alipojenga. Alichimbia nguzo za mikoko, akapitisha fito na kuzifunga kwa kamba za usumba, nyuzi za kumbi la nazi. Siku ya kukandika walikuja wanaume wa mtaa mzima. Sisi watoto tuliukanyaga udongo na maji mpaka ukashika, na hadi leo naukumbuka ubaridi wake katikati ya vidole. Wengine walisimama ndani, wengine nje, wakibandika matonge mpaka yakakutana kati ya fito. Uani, bibi yako na mashoga zake walishona makuti, kila jani likikunjwa juu ya upapi, kijiti chembamba. Aliyelipwa ni fundi wa mlango peke yake. Wengine walikula wali wa nazi na samaki, na babu yako akajua zamu zao zitakapofika naye ataitwa.

Sikufichi, ilikuwa na taabu zake. Makuti yakichakaa yanavuja, na moto tuliuogopa kuliko kitu chochote, ndiyo maana meko yaliwekwa mwisho kabisa wa ua. Lakini mvua ya usiku juu ya makuti haina kishindo. Ukilala hujui imenyesha mpaka asubuhi uone ua umelowa.

Na mbele, chini ya upenu, ndipo ilipokuwa baraza, ya udongo uliosuguliwa hadi ukang'aa. Babu yako alishonea nyavu zake hapo. Mgeni wa kiume alikaa hapo, akaletewa kahawa, akamaliza shida yake akaenda, na sisi wanawake ndani tukaendelea na kazi zetu bila kujitanda haraka haraka. Babu yako alipofariki, watu wa kwanza niliowaona alfajiri ile walikuwa wamekaa pale barazani. Hakuna aliyekuwa amewaita.

Nilipoletwa Nairobi bi harusi mwaka 1974, nililia njia nzima. Tulifika hapa Majengo, Pumwani, usiku, mlango ukafunguliwa, nikaona ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kama kwetu. Kuta za udongo, ila paa lilikuwa la madebe yaliyonyooshwa. Na kando ya mlango palikuwa na mahali pa kukaa. Bibi mwenye nyumba alinikalisha hapo asubuhi yake, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimejua majina ya jirani wote. Sasa nakaa ghorofa ya tatu. Anayeishi juu yangu namjua kwa nyayo zake tu.

Umechora geti na ukuta mpaka ukingoni mwa njia. Mwambie fundi aurudishe ukuta nyuma mikono minne, ajenge baraza nje yake, upande wa kivuli cha jioni. Kama nafasi haitoshi, punguza sebule. Ramani ikirekebishwa nitumie tena niione.

Mamako