Mzee wa Miaka 59 Uwanjani

Kansas City, Missouri

Somo yangu,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Barua yako nimeipata pamoja na kebehi zake: eti nimefika Marekani nikaacha kandanda, nikashika mchezo wa watu kusimama wakitafuna mbegu za alizeti. Kutafuna wanatafuna kweli. Lakini ngoja nikupe habari.

Jumamosi nilikwenda makumbusho ya Ligi za Weusi, pale 18th na Vine. Ukiingia tu unaona uwanja wa besiboli ndani kwa ndani, una sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja mahali pake. Ila kuna waya kama wa banda la kuku, hupiti mpaka uzunguke historia yote. Nao walizuiwa vivyo hivyo: ligi kuu ziliwafungia Weusi mlango zaidi ya miaka 60, hadi Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers mwaka 1947.

Katikati amesimama Satchel Paige, mrushaji, yaani anayemtupia mpira mwenye gongo. Huyu, somo, ungempenda. Alikuwa na majivuno! Husimuliwa kwamba mara nyingine aliwaambia wenzake walio nyuma wakae chini, kisha akawatoa wapigaji peke yake. Ukimuuliza umri, alisema cheti chake kiliwekwa ndani ya Biblia, na Biblia ikaliwa na mbuzi.

Cleveland, timu ya ligi kuu, walimchukua mwaka 1948, ana miaka 42. Watu wakasema tajiri wa timu, Bill Veeck, analeta sarakasi. Paige akashinda mechi 6, akapoteza 1, na timu ikawa bingwa. (Hao waliosema sarakasi hawakukosea sana kuhusu Veeck. Mwaka 1951, akiwa na timu ya St. Louis, alimpeleka kupiga Eddie Gaedel, mtu wa kimo cha sentimita 109, jezi namba 1/8. Mrushaji alishindwa kabisa kumlenga, na akikosa mara nne mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Gaedel akajiendea kituo cha kwanza bila kugusa mpira.)

Lakini kilichonikalia moyoni ni Septemba 1965, hapahapa Kansas City. Paige alikuwa na miaka 59. Walimwekea kiti cha kubembea na nesi wa kumsugua mkono, watu wacheke. Akainuka, akarusha vipindi vitatu dhidi ya Boston, hawakupata hata alama moja. Aliyeweza kuupiga vizuri mpira wake ni Carl Yastrzemski tu, mara moja. Alipotoka taa zilizimwa, mashabiki wakawasha viberiti na kumwimbia. Mimi nilisoma nikawaza: kama huyu ndiye wa miaka 59, wa miaka 25 walimwona akina nani?

Taa zimenikumbusha Cool Papa Bell, mchezaji mwingine wa Ligi za Weusi. Paige alikuwa akisema Bell ana mbio hata akizima taa, anafika kitandani kabla giza halijaingia. Bell mwenyewe alikuja kueleza: swichi ya hoteli ilikuwa mbovu, taa ilichelewa kuzimika. Alishaigundua, akamwekea Paige dau, akala pesa zake.

Jana usiku nami nilijaribu. Ugoko bado unaniuma.

Nijibu upesi, na matokeo ya kandanda ya Coastal usinifiche.

Ni mimi,
somo yako