Koo Linalovuja: Wito wa Harambee kwa Ajili ya Ndugu Zetu Waliopatwa na Kiharusi

Kwa waumini wote, jamaa na marafiki wa kikundi chetu cha wagonjwa wa kiharusi na wanaowauguza,

Amani iwe nanyi. Tunaandika kwa haya kidogo, kwa sababu ni ninyi hawa hawa mliotoa kwa moyo mkunjufu tulipoomba viti vya magurudumu na fimbo za kutembelea, na kabla mikono yenu haijapumzika tumerudi tena mlangoni kupiga hodi. Safari hii tunachoomba, kamera ndogo ya kutazamia koo la mgonjwa anapomeza, hakina sura ya kuvutia. Ndani ya kamati yenyewe walikuwapo waliosema ni heri tuombe paa la ukumbi, maana paa linalovuja kila mtu huliona akiinua kichwa, ilhali koo linalovuja halionekani, wala mwenye koo mwenyewe hana habari. Tulibishana vikao viwili. Paa litasubiri.

Kilichotufikisha hapa ni habari ya mzee mmoja wa kikundi hiki, ambaye familia yake imeturuhusu tuieleze bila kumtaja jina. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia na kumpinda mdomo, lakini akili na mzaha wake vilibaki palepale. Wiki chache baada ya kutoka wodini tulikwenda kumjulia hali. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mmoja wetu, ambaye ndiye anayeandika waraka huu, alimshikia glasi ya maji akanywa karibu yote. Hakukohoa hata mara moja. Alitushukuru kwa maneno mawili matatu, na sauti yake ikatoka na majimaji, kama ya mtu anayesema huku anasukutua. Tuliisikia wazi, tukadhani ni kilema cha kiharusi, tukaomba dua, tukaaga. Siku ya tatu homa ilipanda, pumzi ikawa ya kuvutana, naye akarudishwa wodini akiwa na nimonia, kwa mara ya pili. Ya tatu ilifuata baada ya muda usio mrefu. Mkewe alituuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu siku ile: "Kama maji yalikwenda mapafuni, mbona hakupaliwa?"

Jibu lake ndilo msingi wa ombi letu, kwa hiyo mtuvumilie tulieleze. Kumeza, jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mamia ya mara kwa siku bila kulifikiria, ni kazi inayotegemea misuli mingi na jozi zisizopungua 5 za neva zinazotoka kwenye ubongo, zote zikipokezana ndani ya muda wa sekunde moja hivi. Ulimi husukuma tonge nyuma, pumzi husimama, zoloto, yaani kisanduku cha sauti, hupanda juu na kuja mbele, kidakatonge huinama kama kifuniko, nyuzi za sauti hujifunga, na mlango wa umio, njia ya chakula kwenda tumboni, hufunguka. Ubongo uliojeruhiwa na kiharusi huweza kuichelewesha hatua yoyote kati ya hizo, na kuchelewa kidogo tu kunatosha maji kuingia njia ya hewa. Mtu mwenye afya likimpata hilo hupaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na kikohozi hicho humwokoa. Lakini kiharusi huweza pia kuzifisha hisia za koo, hivyo maji yakashuka hadi mapafuni kimyakimya, mgonjwa akiwa anatabasamu. Mzee wetu hakupaliwa kwa sababu koo lake halikujua kwamba kuna kitu kimepita.

Wala si yeye peke yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa shida ya kumeza huwapata kati ya asilimia 37 na 78 ya watu waliopatwa na kiharusi, na pengo hilo kubwa linatokana kwa sehemu kubwa na namna wanavyopimwa: wakipimwa kwa kutazamwa tu hupatikana wachache, wakipimwa kwa vifaa hupatikana wengi zaidi. Uchambuzi huohuo ulikuta kwamba wenye shida hiyo hupata nimonia takriban mara 3 zaidi ya wasio nayo, na wale ambao imethibitishwa kwamba chakula au maji huingia njia ya hewa, takriban mara 11.

Hivi sasa wagonjwa wetu hupimwa na mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji anayetuhudumia kwa kujitolea, nasi hatuna maneno ya kutosha ya kumshukuru. Vifaa vyake ni tochi, kijiko, glasi yenye mililita 90 za maji, na vidole vyake viwili anavyoviweka juu ya koo ili ahisi kama zoloto linapanda. Kipimo hicho si cha kudharauliwa, kwani kwa glasi na sikio lenye mazoezi hutambuliwa watu wengi walio hatarini, nasi tunawasihi wote wanaouguza kwamba mtu aliyepatwa na kiharusi asipewe kitu chochote kwa mdomo, hata kidonge, hata maji ya kumezea kidonge, kabla ya kupimwa hivyo. Lakini glasi haiwezi kuonyesha kinachotokea ndani, wala haiwezi kumwambia mtaalamu ni mbinu gani ya kumeza imfae nani. Yuko ambaye hulindwa na kuinamisha kidevu anapomeza. Mwingine inampasa ageuze kichwa kuelekea upande uliolegea ili tonge lipite upande wenye nguvu. Mwingine mbinu hizo zote mbili hazimsaidii, na kumwelekeza kwa kubahatisha ni kumwongezea hatari. Mtaalamu wetu alitwambia sentensi moja ambayo kamati imeinukuu katika kumbukumbu za kikao: "Nasikiliza kwa makini, lakini sikio haliwezi kusikia kisicholia."

Kinachoweza kuona ni endoskopi ya kumeza, nayo ndiyo tunayoiomba. Ni kamera nyembamba kwenye waya unaopindika, inayopitishwa puani hadi nyuma ya koo, huku mgonjwa akiwa ameketi kwenye kiti chake na anameza vijiko vidogo vya chakula na maji yaliyotiwa rangi. Njia hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988 na Susan Langmore na wenzake nchini Marekani, nayo haihitaji eksirei wala chumba maalumu, kiasi kwamba hata mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani hupimwa hapo alipo. Mzee wetu alipimwa kwa kifaa kama hicho baada ya kulazwa mara ya tatu, mahali palipo mbali, akibebwa kwa mikono kupanda na kushuka garini. Mwandishi alikuwapo. Kila anapomeza, skrini hujaa weupe kwa kitambo kidogo kwa sababu koo hujifumba juu ya kamera. Weupe ule ukiondoka ndipo habari inapoonekana. Tuliona rangi ya buluu ikiwa imetuama pembeni mwa zoloto, kisha mchirizi wake ukiteremka polepole katikati ya nyuzi za sauti kuelekea mapafuni. Yeye alikuwa ametulia, anatuuliza kwa macho kama amefaulu. Mtaalamu akamgeuzia kichwa kulia, akampa kinywaji kilichoongezwa uzito, na mara hii weupe ulipoondoka, koo lilikuwa safi. Swali lililotusumbua kwa miezi kadhaa lilijibiwa kwa muda mfupi kuliko tunaotumia kusoma matangazo.

Tangu siku hiyo anakunywa vinywaji vizito, vilivyopimwa kwa IDDSI, mfumo wa kimataifa unaopanga uzito wa vinywaji na vyakula kwa ngazi 8, kuanzia 0 ya maji ya kawaida hadi 7 ya chakula cha kawaida. Upimaji wenyewe mkewe anaufanya jikoni kwa ustadi unaotushangaza. Hujaza kinywaji mililita 10 katika bomba la sindano lisilo na sindano, la aina iliyoelekezwa, huziba ncha kwa kidole, kisha huachia kwa sekunde 10 na kuziba tena: kikibaki kati ya mililita 4 na 8, hiyo ni ngazi ya 2, na ndiyo aliyoandikiwa mumewe. Vinywaji hivi si raha, tusidanganyane. Wagonjwa wengi hawavipendi, hivyo hunywa kidogo mno na kuingia katika hatari ya kuishiwa maji mwilini, na ndiyo sababu havifai kupewa mtu kwa miaka kwa mazoea tu bila kupimwa tena. Koo nyingi hupona. Wengi hurudi kumeza salama katika wiki za mwanzo, na waliobaki husaidiwa na mazoezi, kwani upande wa ubongo usiojeruhiwa huweza kujifunza kuibeba kazi ya mwenzake. Bila kamera, mtu aliyekwisha kupona huendelea kunyimwa maji, na asiyepona huendelea kupewa.

Kwa hiyo harambee hii ni kwa ajili ya endoskopi hiyo pamoja na skrini yake, mafunzo ya mtaalamu wetu na msaidizi mmoja, mashine ya kufyonza uchafu kooni, na vifaa vinavyokwisha kila siku: mabomba ya sindano, unga wa kuongezea vinywaji uzito, miswaki na dawa za meno. Msishangae kuona miswaki hapo. Mapafu huharibiwa zaidi na mate yaliyobeba vijidudu vya kinywa kichafu, na kinywa cha mgonjwa asiyeweza kujisafisha kikitunzwa, nimonia hupungua. Tumeweka pia fungu la kutakasa kamera baada ya kila mgonjwa, kwa kuwa tumeona vifaa vingi vya kuchangiwa vikizinduliwa kwa vigelegele na kufungiwa kabatini kwa kukosa dawa ya kuvisafishia.

Ndugu zetu, tunajua majukumu ni mengi. Hata hivyo, mtatusamehe tukisema kwamba baada ya kila ibada tunaketi pamoja kula na kunywa, na wapo wenzetu ambao huaga mapema wakisema wameshiba. Hawajashiba. Wanaona haya kutokwa na udenda mbele za watu, wanaogopa kukohoa mezani, nasi tumezoea kutowauliza. Mzee wetu hukaa hadi mwisho, na alipoulizwa na kamati angependa tumwombee nini, alijibu kwa ule mzaha wake: glasi ya maji ya kawaida, baridi, na mtu wa kumwambia kuwa sasa yanapita anakotaka yeye.

Michango itapokelewa na mweka hazina pamoja na wajumbe wawili walioteuliwa, kila atoaye atapewa stakabadhi iliyopigwa mhuri, na hesabu zote za mapato na matumizi zitasomwa hadharani na kubandikwa ubaoni ndani ya siku 30 baada ya ununuzi kukamilika. Ankara za wauzaji watatu zimekwisha kuombwa, na yeyote anayetaka kuzikagua anakaribishwa ofisini. Ahadi zitaandikwa, na kwa upendo tunawakumbusha wachache wenye ahadi za harambee iliyopita kwamba daftari lile bado liko wazi.

Harambee itafanyika Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, mara baada ya ibada. Asiye na fedha aje vilevile, kwa sababu siku hiyo mtaalamu atawafundisha wanaouguza namna ya kumketisha mgonjwa wima, kumlisha kijiko kimoja kimoja bila haraka, kuisikiliza sauti yake baada ya kila tonge, na kumwacha ameketi kwa muda wa nusu saa baada ya kula. Kiti cha mazoezi kitakuwa mbele, na mzee wetu amekubali kukikalia yeye mwenyewe.

Wenu katika utumishi,
Kamati ya Harambee