Kwa Vijana wa Karatu: Mwulizeni Mgombea Nani Kalileta Jina Lake

Wajukuu zangu,

Juzi nikiwa stendi nasubiri gari la Mang'ola, nilimsikia mmoja wenu akiwaambia wenzake kwamba Karatu ilikuwa ngome ya Dk. Slaa tu, mbunge wetu wa zamani, na alipoondoka yeye na ngome ikaondoka. Nilinyamaza. Mzee hagombani na watu stendi. Lakini maneno yale yamenikaa kooni hadi leo.

Hesabu yenu mnaianzia 1995. Mimi naianzia 1960, wakati sisi tungali sehemu ya Wilaya ya Mbulu na hakuna aliyeota jimbo la Karatu. Uchaguzi ule TANU, chama kilichodai uhuru, ilizoa viti 70 kati ya 71, na katika viti 58 wagombea wake walipita bila kupingwa. Kile kimoja kilichowaponyoka kilikuwa chetu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama kivyake, na watu wakampa yeye. Hawakuikataa TANU hata kidogo. Uhuru waliutaka kama kila mtu. Walichokataa ni kuletewa mtu.

Ukaja mfumo wa chama kimoja. Mwaka 1965 tulipewa majina mawili, yote ya TANU, moja lina picha ya jembe na jingine ya nyumba. Marehemu baba hakujua kusoma, na alikuwa akisema mkulima wa huku atalikataaje jembe? Kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa na kazi ya ziada. Tulicheka, ila hata hapo mbivu na mbichi zilishachambuliwa na Halmashauri Kuu ya chama kabla karatasi hazijatufikia.

Sasa ndiyo tufike 1995. Slaa, padri aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, aliomba ridhaa kupitia CCM. Watu walimtaka, jina likakatwa huko juu. Akahamia CHADEMA, chama ambacho wengi wetu tulikuwa hatujui hata rangi za bendera yake, na tukampigia. Tulirudia jambo lile lile la 1960, miaka 35 baadaye. Akakaa bungeni hadi 2010 alipokwenda kugombea urais, na kiti akakichukua Mchungaji Israel Natse. (Padri akapokewa na mchungaji, Waprotestanti na Wakatoliki wa hapa walitaniana mwaka mzima.) Kisha 2015 Slaa akaachana na CHADEMA kwa sababu ya kupokelewa kwa Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM. Kama ngome ingekuwa yake, si ingeanguka siku ile? Karatu ilimpeleka bungeni Willy Qambalo wa CHADEMA hiyo hiyo. Kiti kilirudi CCM mwaka 2020, kwa Daniel Awack, katika uchaguzi ambao wapinzani waliulalamikia nchi nzima. Huo mnaukumbuka wenyewe, sina la kuwafundisha.

Jueni pia kwamba Sarwatt wa leo asingeweza. Tangu vyama vingi virudi, sheria inataka mgombea awe na chama. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi: Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko hapo Arusha mjini, ikasema kumnyima mtu nafasi ya kugombea bila chama ni kuvunja haki zake, ila sheria haikubadilika. Kwa hiyo mlango wa kupitia umebaki mmoja tu, ule wa ndani ya chama, na ndio ambao ninyi hamwendi. Mnangoja kampeni, mnacheza muziki kwenye mkutano, mnavaa fulana. Wakati huo jina limeshapikwa na kuiva.

Nasema haya kwa aibu. Niliwahi kuwa mjumbe wa kura za maoni, zile za kumchagua mgombea ndani ya chama. Chama sikitaji, mwaka sitaji, aliyenipa sitaji. Usiku alikuja mtu na bahasha, akasema ni ya sukari ya bibi yenu. Nilipokea. Bibi yenu alipoiona aliirudisha mfukoni mwangu, akaenda kulala bila kunisemesha. Yule mgombea alipita kwa kura chache sana, na mojawapo ilikuwa yangu. Hadi leo sijui kijana aliyeshindwa angefanya nini kuhusu maji ya kijiji chetu. Mnapotania kwamba wajumbe si watu, mimi sicheki sana.

Basi nawaomba: kateni kadi, ya chama chochote mnachokiamini, na mwende kwenye mikutano ya tawi, ile isiyo na muziki. Gombeeni ujumbe wenyewe, msiwaachie wazee kama mimi wanaoamshwa usiku. Na atakayekuja kuwaomba kura, kabla hajafika kwenye barabara na zahanati, mwulizeni jina lake limeletwa na nani, na waliomzidi kura, kama wapo, wako wapi.

Mimi nipo nyumbani kila Jumapili baada ya ibada. Atakayetaka kusikia habari za Sarwatt kwa urefu aje na daftari. Bibi yenu naye atakuwepo. Ile ya bahasha anaisimulia vizuri kuliko mimi.