Barua kwa Mwanangu Aliye Üsküdar

Mwanangu Salma,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo. Bibi yako anakusalimu sana, na bado anauliza kama umepata nguo za kutosha za baridi.

Swali lako nimelisikiliza mara mbili. Unashangaa ilikuwaje Warumi wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), yaani Wabizanti, watu wa dola ile ile ya Kaizari Herekali anayetajwa kwenye tenzi zetu, wakawashinda majirani zao katika karne ya 10 na papo hapo wakawa wanachinjana wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu wako amewaambia ulikuwa ugomvi wa majemadari wawili wenye tamaa. Tamaa ilikuwepo, sikatai. Lakini mamangu, ugomvi ule ulikuwa wa ardhi, na bila ardhi tamaa ya wale wawili isingefika popote.

Hapo unapokaa, Üsküdar, zamani paliitwa Chrysopolis. Mnamo mwaka 988 lilipiga kambi hapo jeshi la Bardas Phokas, jemadari aliyejitangaza Kaizari. Ng'ambo ya maji, mbele ya macho yao, ndiko alikokuwa Kaizari Basil II, kijana wa miaka 30 hivi. Upande wote wa Asia ulikuwa karibu kumponyoka. Jiulize mtu mmoja, asiye mfalme, alipata wapi askari wa kumbana Kaizari kiasi hicho.

Phokas walikuwa ukoo wa Kapadokia, upande wa Kayseri ya leo. Kwao ujemadari ulirithiwa, baba kwa mwana. Nikephoros Phokas, baba mkubwa wa huyu Bardas, aliiteka Krete mwaka 961 na Tarso mwaka 965, na jeshi lake likaingia Antiokia mwaka 969. Mwaka 963 Kaizari Romanos II alikufa akaacha watoto wawili wadogo, Basil akiwa na miaka mitano. Askari wakamtangaza Nikephoros kuwa Kaizari hukohuko Kayseri. Akaingia Konstantinopoli, akamwoa mjane wa Romanos, Theophano, akawa baba wa kambo wa wale watoto. Desemba 969 aliuawa usiku chumbani mwake. Aliyeongoza wauaji ni John Tzimiskes, mtoto wa dada yake, na Theophano alikuwa kwenye njama. Mpwa amemuua mjomba wake, akakalia kiti chake. Mwandani wa Tzimiskes alikuwa Bardas Skleros, shemeji yake, wa ukoo mwingine mkubwa wa mashariki. Na ndugu yake Skleros alikuwa amemwoa dada yake Bardas Phokas. Chora nasaba zao kwenye karatasi ndipo utaelewa: hawa walioana kwanza, wakapigana baadaye, kisha wakaoana tena.

Sasa ardhi. Dola ile iliwategemea wakulima askari. Familia ilikuwa na shamba lililoandikwa kwenye daftari la serikali, na kwa shamba hilo ilimtoa mtu wa kwenda vitani. Majira ya baridi ya 927 kuingia 928 yalikuwa mabaya mno. Waandishi wa zama hizo wanasema ardhi iliganda siku 120. Njaa ikaingia. Wenye maghala wakanunua mashamba ya wenye njaa kwa bei ya kutupa, wengine kwa nafaka tu. Kaizari Romanos Lekapenos alitoa sheria mwaka 934: aliyenunua kwa chini ya nusu ya bei ya haki airudishe ardhi bila kulipwa chochote. Sheria ilikuwa nzuri, lakini wa kuisimamia mikoani walikuwa hao hao walionunua.

Hapo ndipo penye jibu lako. Mkulima akipoteza shamba lake, haendi vitani tena kwa jina la Kaizari. Anabaki palepale, analima kwa bwana mpya, na bwana akipanda farasi naye anafuata. Bwana huyo akipewa na ujemadari wa mkoa ambao mashamba yake yamo, basi anaongoza jeshi la serikali kwa kofia moja na watu wake mwenyewe kwa kofia nyingine, na siku akiasi hutajua lipi ni lipi.

Basil alijifunza haya kwa mateso. Tzimiskes alipokufa mwaka 976, Skleros akaasi. Aliyeshika madaraka kasri ni towashi mkuu, Basil Lekapenos, ndugu wa bibi yake Kaizari mzaa baba, naye hakuona njia ila kumtoa Bardas Phokas kwenye utawa alikofungiwa kisiwani Chios, apigane na Skleros. Mwaka 979, kwa msaada wa askari wa Georgia, Phokas akashinda, na Skleros akakimbilia Baghdad, akawekwa kizuizini huko. Mwaka 985 Basil akamwondoa towashi, mwaka uliofuata akaenda Bulgaria akapigwa vibaya. Wakubwa wakaona kijana ameteleza. Mwaka 987 Skleros akaachiwa kutoka Baghdad, akaasi tena; Phokas naye akajitangaza Kaizari, nyumbani kwa Eustathios Maleinos, tajiri mwingine wa Kapadokia. Wawili wakapatana kugawana dola. Skleros alipokwenda kwenye mazungumzo, Phokas akamtia kifungoni.

Basil akaomba msaada kwa Vladimir, mtawala wa Kiev. Akaletewa wapiganaji 6,000. Bei yake ilikuwa dada yake, Anna. Hapa nilisimama kusoma, Salma. Anna alizaliwa siku mbili kabla ya baba yake kufa, akakulia kasri wakati baba wa kambo anauawa, na kwao haikuwa desturi kumwoza binti wa Kaizari kwa mtawala wa kigeni, tena asiye Mkristo. Vladimir alibatizwa, Anna akapelekwa kaskazini, na watu wa kule wakaingia Ukristo. Vitabu husimulia habari hiyo kama ushindi wa dini na wa siasa. Mimi naomba kwenye andiko lako umtaje kwa jina lake, kwa sababu dola ya kaka yake iliokolewa kwa maisha yake.

Wale wapiganaji walivushwa hadi hapo kwenu, wakaliangamiza jeshi la kambini na kamanda wake akauawa. Tarehe 13 Aprili 989, huko Abydos karibu na Çanakkale, Phokas alimwona Basil kwa mbali, akamtimulia farasi, na kabla hajamfikia akaanguka akafa. Wengine walisema kiharusi, wengine sumu. Michael Psellos, aliyeandika baadaye, anasema Basil alisimama na upanga mkono mmoja na picha ya Bikira Maria mkono mwingine.

Skleros, aliyefunguliwa, naye akasalimu amri mwaka huohuo. Alikuwa mzee, karibu kipofu, ameshikwa mkono. Alikuwa amevua mavazi ya kifalme ila viatu vya zambarau hakuvivua, na Basil hakukubali kumtazama mpaka vikavuliwa. Kisha, kwa maelezo ya Psellos, Kaizari akamwomba ushauri mtu aliyetaka kumpindua. Mzee akamwambia asimwache jemadari yeyote awe na mali nyingi, awachoshe kwa kodi hata zisizo za haki ili washughulike na nyumba zao, asimwingize mwanamke kasri, na siri zake wazijue watu wachache.

Basil aliufuata ushauri huo kama amri. Sheria yake ya mwaka 996 ilifuta kinga ya miaka 40 ambayo wanyakuzi walijifichia, yaani aliyekaa na ardhi muda huo hakuweza kudaiwa tena, hivyo mkulima angeweza kudai ardhi iliyochukuliwa tangu enzi za sheria ya 934. Inawataja Phokas na Maleinos kwa majina. Inamtaja pia mwanakijiji mmoja, Philokales, aliyepata cheo na utajiri, akakimeza kijiji chake kizima. Kaizari akabomoa majumba yake, akawarudishia wenyewe ardhi, akamwacha alivyoanza. Yule Maleinos alimkaribisha Kaizari na jeshi lote alipokuwa akirudi kutoka Shamu, akawalisha kwa mali yake. Basil akamshukuru, akaenda naye Konstantinopoli, na hakumruhusu kurudi nyumbani hadi alipokufa. Mali ikaenda hazina. Mwaka 1002 akaamuru wakubwa walipe kodi za maskini walioshindwa kulipa. Usimfanye mtakatifu lakini. Alitaka kodi na askari, na mkulima mwenye shamba lake ndiye aliyempa vyote viwili. Hata hivyo, wapo waliorudishiwa mashamba yao, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko vita vyake vyote vya Bulgaria.

Kosa lake lilikuwa kutooa wala kuandaa mrithi. Alikufa Desemba 1025, na mwaka 1028 ile kodi ya wakubwa ikafutwa. Mwaka 1071, akipigana na Waturuki huko Malazgirt, Kaizari Romanos Diogenes, naye mtoto wa Kapadokia, aliachwa vitani na Andronikos Doukas aliyeongoza kikosi cha nyuma, kwa kuwa ukoo wa Doukas ulikitaka kiti cha Kaizari. Mwaka uliofuata wakampofua macho. Alexios Komnenos, mkwe wa ukoo wa Doukas, alipotwaa Konstantinopoli mwaka 1081, sehemu kubwa ya Anatolia, pamoja na mashamba ya Kapadokia yaliyoanzisha ugomvi wote huu, ilikuwa imeshaingia mikononi mwa Waturuki.

Andiko lako likikamilika nitumie nilisome kabla hujalikabidhi, hasa sehemu ya sheria ya 996, maana wengi hupita hapo mbio wakikimbilia vita. Na mwambie bibi yako mwenyewe habari za nguo.

Mama yako