Mhakiki, usitutolee mwisho wa riwaya ya kutisha

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa vitabu unapogusa riwaya ya kutisha au ya fantasia, yaani ya ulimwengu wa kubuni wenye uchawi, mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili. Mhakiki husimulia kisa chote mpaka mwisho, kisha hufunga kwa kusema kitabu "kinasisimua". La sivyo, hukikataa tangu mwanzo kwamba ni cha ushirikina. Msomaji wa hapa Mwanza mwenye fedha ya kununua kitabu kimoja tu hajasaidiwa. Hofu ndani ya kitabu hutengenezwa, kama mtumbwi unavyotengenezwa, na kazi ya mhakiki ni kutuonyesha ubao upi umekaa sawa na upi unavuja.

Riwaya ya kutisha isomwe mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, kwa mikao miwili au mitatu, kwa sababu taharuki ikikatwakatwa kwa majuma mawili, uchovu wa msomaji huishia kuhesabiwa kuwa udhaifu wa mwandishi. Mara ya pili shika penseli na utie alama kurasa tatu: pale jambo la kwanza lisilo la kawaida linapotokea, pale mhusika anapoacha kujidanganya kwamba ni paka au upepo, na pale kiumbe kinapoonekana waziwazi. Pima umbali kati ya alama hizo. Kiumbe kikijitokeza ukurasa wa 15 katika kitabu cha kurasa 200, mwandishi amebakiwa na kurasa 185 za kukikuza, na kwa kawaida hana njia ila kuongeza damu. Damu huzoeleka upesi. Mlango unaogongwa mara tatu hauzoeleki, mradi usifunguliwe mapema.

Mhakiki ajue pia anasoma juu ya nini. Zimwi la ngano hula watu, lakini ni jinga na hushindwa kwa werevu wa mtoto. Jini hufanya mapatano na hudai yatimizwe. Mzimu una ukoo wake na una dai lake: tambiko lililosahauliwa, kaburi lililotelekezwa. Msukule ni mtu anayeaminiwa kwamba hakufa bali alichukuliwa afanyishwe kazi, na hofu yake kubwa iko kwa ndugu waliomzika. Mwandishi akivichanganya bila sababu, hofu hupoteza shina, na mhakiki anayeviita vyote "mashetani" hawezi kuliona kosa hilo. Jina la kitabu nalo lisimpotoshe. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, kina mzimu juu ya jalada, ila anayekiongoza ni mpelelezi, Bwana Msa. Msomaji anastahili kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Kwa fantasia, fungua karatasi na uandike maswali matatu: uchawi wa nchi ya kitabuni unaweza nini, hauwezi nini, na anayeutumia hulipa nini? Majibu yawe yameanza kupatikana kufikia sura ya tatu. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ni nchi iliyo angani, lakini kesi ya mhusika wake, Karama, inaendeshwa mbele ya baraza kwa utaratibu unaofuatika, ndiyo maana tunakubali kuishi mle. Shujaa akipata katika sura ya mwisho uwezo ambao haukutajwa kokote, hilo ni kosa, na linaweza kusemwa bila kumwaga siri: "mwisho unategemea uwezo ambao haukuandaliwa". Inatosha. Lakini kipimo hiki hakifai kila mahali. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, iliyotoka 1990, haikuandikwa kufuata msuko wa kawaida. Anayeidai kanuni za namna hiyo ataikosa kabisa. Isomwe polepole, picha kwa picha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba cha ajabu husimama juu ya cha kawaida. Riwaya ikitandaza mbalamwezi pevu juu ya ziwa na papo hapo taa za wavuvi wa dagaa zimejaa majini, msomaji wa Kirumba anaacha kuogopa, maana taa hizo huvuta dagaa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Kosa dogo, lakini likishaonekana hata kiumbe hakiaminiki tena. Kinyume chake, mwandishi anayejua kwamba wadudu wa ziwani huinuka kwa makundi kama nguzo za moshi amepata tukio la kutisha bila kubuni chochote. Mhakiki wa Kanda ya Ziwa ayakague haya, kwa kuwa wa mbali hatayaona.

Na kuna suala ambalo kwetu si la ufundi peke yake. Vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo aghalabu ni ya moshi wa kupikia kuni na samadi. Miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliwindwa katika kanda hii. Riwaya inayomfanya bibi wa macho mekundu kuwa mchawi, halafu inamthibitisha kuwa mchawi, inachukua hofu iliyoua majirani zetu na kuiuza kama burudani. Mhakiki aseme wazi, hata kama lugha ya kitabu ni tamu. Pia amsifu mwandishi anayeigeuza hofu hiyo, akaiweka kwa bibi anayesikia nyayo za vijana nje ya nyumba yake usiku.

Tunachoomba, Mhariri, ni maneno 450 kwa kila kitabu. Maneno 40 yataje mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na bei. Kisa kisizidi maneno 100 wala kisivuke theluthi ya kwanza ya kitabu. Maneno 200 yaeleze hofu au ulimwengu ule umejengwaje, pamoja na sentensi moja au mbili za mwandishi mwenyewe ili tuisikie lugha yake. Yanayobaki yawe ya hukumu, na yataje kama kitabu kinamfaa mtoto wa shule ya msingi, maana wazazi huuliza.

Wasomaji wa riwaya,
Kirumba, Mwanza