Mbao za tanga Shela zikaguliwe kabla ya kukodishwa

Mhariri,

Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki wa Desemba hadi Machi, ndiyo inayowavuta wageni na vijana wetu wa Shela kwenye mbao za tanga, yaani mbao za kuteleza majini kwa nguvu ya upepo. Mtu akikwama baharini, watu husema upepo ulizidi. Mara nyingi upepo hauna kosa. Kilichokatika ni kiungo cha mpira kinachoushikisha mlingoti kwenye ubao.

Mpira huo hupindwa kila upande mchana kutwa. Jua na chumvi huukausha, na mchanga huusaga pale unapokutana na chuma. Ukiutazama juu juu ni mzima. Chomoa mlingoti, ukunje mpira mpaka ulale kabisa, kisha uzungushe polepole ukiwa umekodoa macho shingoni mwake. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa. Gundi haifai, utepe wa kufungia haufai. Tazama pia ukanda wa akiba ulio kando yake, maana mpira ukikatika ndio pekee unaozuia tanga lisiachane na ubao. Wanaokodisha wafanye hivi kila asubuhi, na jioni wasuuze kwa maji matamu. Ni kazi ya dakika mbili.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito kwa sababu ya mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda. Kaskazi hutokea upande wa Manda, basi maji ya ndani hulala na kumdanganya mgeni. Maji yanapotoka, yaani yanapokupwa, upepo na mkondo vyote viwili humsukuma nje, kuipita Ras Kitau, rasi ya Manda inayoelekea Shela. Mkondo huwa mkali zaidi saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kutoka, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, ni maradufu ya hatari. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, angalau bahari humwonya mtu: upepo hugongana na maji yanayotoka, mawimbi yakasimama mlangoni.

Kwa hiyo anayejifunza aingie maji yakijaa, apewe ubao mpana wa ujazo wa lita 180 au zaidi, na tanga lisizidi mita 4.5 za mraba. Afungiwe filimbi, na kamba ya mita 4 ya kuvutwa nayo. Zaidi ya yote, afundishwe kubisha kwanza: aanze kwenda goshini, upepo unakotoka, ili akichoka arudishwe alikoanzia. Manahodha wetu hufanya hivyo bila kuambiwa. Waendesha mbao wengi huanza demani, upepo unakoelekea, kwa kuwa ni rahisi, halafu kurudi kukawashinda.

Na chombo kikiharibika, asikiache akaogelea. Ubao huelea. Nahodha wa mashua ataona ubao na tanga kutoka mbali. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hatakiona.

Msomaji wenu,
Shela, Lamu