Barua kwa mwanangu, T.A. (mwalimu msaidizi wa chuo) mpya wa bayolojia

Mama, marahaba, meseji yako nimeiona. Niko Minneapolis kwenye mkutano wa SABER, ile jumuiya ya watafiti wa ufundishaji wa bayolojia vyuoni, nikasema nikuandikie leo leo kabla semista haijaanza maana sasa na wewe ni T.A., watoto wa watu wako mikononi mwako.

Hapa hakuna anayeleta panya wala mbegu, anayechunguzwa ni mwanafunzi, anaelewaje na anakwama wapi. Kwenye warsha moja tumepewa swali: mbegu ndogo inakuja kuwa mti mkubwa, uzito wote ule umetoka wapi? Andika peke yako kwanza, halafu mbishie jirani yako, halafu nyoosha mkono. Wanafunzi wengi husema udongoni, na hao hao mlinganyo wa usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, wanakuandikia bila kukosea! Mwanasayansi Van Helmont karne ya 17 alipanda mti wa ratili (paundi) 5 kwenye udongo wa ratili 200, baada ya miaka 5 mti una ratili 169 na udongo umepungua kama wakia 2 tu, akasema basi ni maji. Kumbe huo mwili mkavu wa mti kwa sehemu kubwa umejengwa na kaboni dioksidi ya hewani.

Freeman, mtafiti wa ufundishaji, na wenzake mwaka 2014 walikusanya tafiti 225, wakakuta wanaosikiliza lekcha tupu uwezekano wao wa kufeli ni mara 1.5 ya wale wanaoshirikishwa. Hizo ni sapu mama, mitihani ya kurudia, ni disko, kuondolewa chuo kwa kufeli, ni mzazi aliyeuza shamba. Inaniuma sana hii.

Najua utasema darasa limejaa hadi madirishani na prodjekta inagoma. Sasa swali kama lile linahitaji umeme gani? Ule ubishi wa kwenye vimbweta vya kusomea usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semista, ndo huo huo, we uingize darasani mapema, madesa, yale manotisi, watayasoma wenyewe.

Tutorial ya kwanza waulize swali lile lile kwa mwembe, uzito wake umetoka wapi. Majibu ya kukosea yaandike kwa maneno yao wenyewe, usiwarekebishie hata neno, hiyo ndo data yetu, Desemba ukija nyumbani tunakaa nayo tuone kama inatoa abstrakti, muhtasari wa kupeleka mkutanoni. Msalimie mama yako, mwambie ntapiga kesho asubuhi ya huko.

Baba